Jembe langu lilivyonipandisha kizimbani Mbinga kwa wizi wa nguruwe, na lilivyonishusha

Wakuu, habari za mchana.

Nawaandikia kutoka Matiri, vilimani huku Mbinga. Mvua imekata, nimekaa kwenye benchi nje ya nyumba, kahawa ya shambani kwangu ipo kikombeni. Mbele yangu, kwenye kizingiti cha banda la nguruwe, kuna jembe jipya ambalo si langu. Limefikaje hapo nitasema mwishoni, maana ndilo lililonifanya nishike simu nianze kuandika.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi. Leo na mimi natoa ya kwangu.

Hii si chai. Yamenikuta mimi mwenyewe, na pale ambapo sikuwepo nitawaambia nani alinisimulia ili mkiona imeongezwa chumvi mjue wa kumlaumu.

Mimi ni mkulima. Kahawa, mahindi, maharage, na nguruwe wawili watatu wa kunisaidia. Naishi na mama yangu, mke na watoto. Mzee wangu alishatangulia mbele za haki, aliniachia shamba, jina, na mpini wa jembe aliouchonga mwenyewe, umechomwa mistari mitatu karibu na mkono unaposhika. Jembe lenyewe nimeshabadilisha mara kadhaa. Mpini ni uleule.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu kesi yote ipo hapa.

Kitongojini kwetu si kila mtu anafuga dume la nguruwe. Dume anakula sana na kazi yake ni ya siku chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo miaka yote dume lilikuwa moja, la Mzee Ndunguru. Tulimwita Diwani kwa sababu alikuwa anazunguka kila nyumba na kila alipofika alikuta chakula.

Jike lako akitaka dume, unakwenda kwa Mzee Ndunguru unamchukua Diwani. Mzee akiwepo mnasalimiana. Asipokuwepo, unachukua tu, ila unaacha jembe lako kwenye kizingiti cha banda. Unaliosha kwanza, unalilaza juu ya jani la mgomba. Mzee akirudi akaona jembe, anajua Diwani yupo kwa nani, kwa sababu huku tunalima ngolo, yale mashimo ya mraba ya mteremkoni, na mpini wa jembe la mtu tunaujua kama tunavyoijua sura yake. Ukimrudisha Diwani, Mzee anakukabidhi jembe lako kwa mkono wake. Jike akizaa, Mzee anachagua mtoto mmoja. Basi.

Hakuna aliyewahi kunifundisha hayo. Nimekua nikiona.

Mwaka juzi nilishuka Lituhi, kule ziwani, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Nilikaa wiki kadhaa kumsaidia kuvuna mpunga. Dada yangu anapika usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kiasi kwamba kurudi nyumbani ni kazi, lakini mke wangu akapiga simu kwamba Shangazi amekataa kula na anapiga kelele kutwa nzima.

Shangazi ni nguruwe wangu jike. Tulimwita hivyo kwa sababu ya sauti. Shangazi yangu halisi analijua hilo na tulishayamaliza.

Nikajua anataka dume, na siku zenyewe huwa mbili tatu tu, zikipita unasubiri tena. Nikapanda milima kurudi. Nilifika kama saa saba mchana, sikukaa hata kunywa maji, nikachukua jembe na ndoo ya pumba, nikaenda kwa Mzee Ndunguru.

Mzee hakuwepo. Mlango wa banda ulikuwa umepigiliwa ubao mpya. Sikushangaa, Diwani alikuwa na tabia ya kujitoa mwenyewe. Nikaungoa ule ubao kwa jembe, nikauegesha pembeni, nikaliosha jembe kwenye karo, nikakata jani la mgomba, nikalilaza. Diwani akafuata ndoo. Njiani nikasalimiana na watu, mmoja akanitania kwamba Diwani anakwenda kwenye ziara.

Nisichokijua ni kwamba nilipokuwa ziwani Mzee Ndunguru alifanyiwa upasuaji wa macho, akaenda kupumzika kwa binti yake kule Kitai. Kabla ya kuondoka akamuuza Diwani kwa Mwalimu Tweve.

Mwalimu Tweve ni mtu wa Njombe, alikuwa amehamia shule yetu muda si mrefu. Huko alikotoka kila mtu anafuga wake na kufunga wake. Alimnunua Diwani, na wakati anajenga banda lake aliomba amwache kwenye banda la Mzee. Ule ubao aliupigilia yeye. Mzee alimweleza kila kitu, Diwani anakula nini, anaogopa nini, anapenda kukwanguliwa wapi. Habari ya majembe hakumwambia. Si kwamba alificha. Ni kama umuuzie mtu nyumba halafu umwambie kwamba mvua ikinyesha bati litapiga kelele.

Jioni mwalimu akaja kulisha. Akakuta banda wazi, ubao umeng'olewa, nguruwe hayupo, na jembe la mtu mlangoni.

Wakuu, hata mimi ningeita polisi.

Kesho yake asubuhi wakaja askari wawili na mwalimu nyuma yao. Wakamkuta Diwani amelala ubavuni mwa Shangazi, wametulia kama wazee baada ya misa. Nikawakaribisha. Nilidhani wamekuja kwa ajili ya mambo ya chanjo, mpaka pingu ilipotoka.

Halafu ikaonekana kwamba kidhibiti, yaani Diwani, hataki kutoka. Wakamvuta, wakamsukuma, akakaa chini. Ikabidi mtuhumiwa nifunguliwe mkono mmoja nishike ndoo ya pumba, nitangulie. Ndivyo tulivyopita kijijini mpaka kwenye kirikuu: mimi mbele na ndoo, Diwani nyuma yangu, askari nyuma ya Diwani, na mwalimu mwisho kabisa anafuta miwani. Watoto wa shule walitusindikiza mpaka barabarani. Nilicheka, nikiri tu. Nilijua tukifika Mbinga mtu mmoja mwenye akili ataelewa na tutarudi wote kwa gari hilohilo.

Kituoni nikachukuliwa maelezo. Na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi kwa mikono yangu.

Askari akaniuliza, "Nguruwe huyu ulimtoa wewe bandani?"

"Ndiyo, afande."

"Ubao uling'oa na nini?"

"Na jembe."

Akaliweka mezani. "Hili hapa ni lako?"

"Langu kabisa. Mpini alichonga baba."

"Na wewe ndiye uliliacha pale?"

"Ndiyo, niliacha mwenyewe."

Nilijibu kwa fahari, wakuu. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lililokuwa utetezi wangu. Niliacha jembe, sasa mnataka nini tena? Haikunijia hata kidogo kichwani kwamba askari yule, mtu wa Mara, alikuwa anaandika kwamba mtuhumiwa amekiri kusahau silaha aliyovunjia banda. Akanisomea, nikaona kila neno ni kweli, nikaweka sahihi na dole gumba juu.

Na majirani zangu nao, Mungu awabariki, wakaenda kunitetea. Wakaulizwa mlimwona akimswaga nguruwe? Wakasema ndiyo, mchana kweupe, na alitusalimia. Basi wakaandikwa mashahidi wa upande wa mashtaka. Kitongoji kizima kilisema ukweli mtupu na hakuna hata mmoja aliyeeleza.

Faili likapelekwa ofisi ya mashtaka, likarudi limekubaliwa. Makosa mawili: kuvunja jengo na kutenda kosa, na wizi wa mifugo.

Nilipandishwa kizimbani. Karani akasoma, hakimu akaniuliza ni kweli au si kweli. Nikasema, "Mheshimiwa, kumchukua ni kweli, kuiba si kweli." Akaniangalia juu ya miwani, akaandika kwamba nimekana.

Nikapata dhamana kwa barua ya mtendaji na wadhamini wawili. Tukiwa tunatoka, mdhamini mmoja ambaye aliwahi kukaa na wakili akanivuta pembeni akaniambia, kaka, unajua wizi wa mifugo si kesi ya kuku? Hii watu wanafungwa miaka. Kuvunja nako ni miaka. Ukitoka utakuta mwanao wa darasa la pili ana ndevu.

Hapo kicheko kikaisha. Niliogopa, siwafichi. Niliogopa kwa ajili ya mama zaidi kuliko kwa ajili yangu. Mama ni mtu wa jumuiya, hakosi hata mvua ikinyesha, na kuanzia siku ile akaacha kwenda. Hakunilaumu. Alisema tu miguu inamuuma. Nilikuwa namwona Jumamosi asubuhi anatazama wenzake wanavyopita na rozari mkononi, halafu anaingia ndani kuchambua maharage ambayo alishayachambua jana.

Najua mkuu mmoja atauliza hapo chini kwa nini sikuweka wakili. Mkuu, wakili mimi nilikuwa namwona kwenye tamthilia tu. Tuendelee.

Diwani alikaa kituoni siku chache, akala mchicha wote uliopandwa nyuma ya nyumba ya askari mmoja, wakampiga picha haraka wakamkabidhi mwalimu kwa maandishi amtunze mpaka kesi iishe. Jembe lilibaki. Lilifungwa kikaratasi chenye namba, likawa kielelezo. Msimu wa kuchimba ngolo nikalima na jembe la kuazima, na mpini wa mtu mwingine hauingii kiganjani, wanaolima wananielewa.

Kesi ikawa inapigwa tarehe. Naamka alfajiri, natoka Matiri mpaka Mbinga mjini, naambiwa upelelezi bado, narudi bila kuulizwa neno. Huku Shangazi tumbo linakua. Nguruwe hubeba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na nikawa nahesabu vitu viwili kwa pamoja, siku zake na tarehe zangu, nikiomba nisikose kuwaona hao watoto.

Mwishowe upelelezi ukakamilika. Tukapangiwa kuanza kusikiliza mashahidi. Na faili likahamia kwa wakili wa serikali mwingine, dada mmoja mdogo kuliko mimi, mtu wa Tanga, mkimya, anatembea na chupa yake ya chai.

Yanayofuata alinisimulia Mzee Ndunguru. Mzee hupenda kujiongezea, lakini Mwalimu Tweve alikuwepo na amethibitisha.

Siku moja kabla ya kesi, yule dada aliwaita mashahidi wake ofisini awaandae. Mzee alikuja kutoka Kitai na macho mapya, kazi yake ilikuwa kuthibitisha tu kwamba alimuuza nguruwe. Kumbe binti yake alikuwa amemficha habari zote za kesi ili asipande presha, na wito wenyewe alimsomea nusu.

Dada akamwamkia, "Shikamoo mzee." Wakamalizana na habari za mauziano. Halafu kwa kukamilisha tu utaratibu akalitoa lile jembe. "Hili unalifahamu?"

Mzee akalishika, akapapasa ile mistari mitatu. "Hili la kijana wa marehemu Hyera. Kumbe Diwani yupo kwake? Basi salama."

Dada akaacha kuandika. "Umejuaje kwamba alikuwa kwake?"

"Si jembe hili hapa, mwanangu."

"Jembe limetumika kuvunja banda, mzee."

"Sawa, ubao uling'olewa na nini sasa, meno? Mimi nauliza, lilikuwa mlangoni au halikuwepo?"

Dada akamwambia aanze mwanzo, kama anamweleza mtoto. Mzee akaeleza. Jembe, kizingiti, jani la mgomba, mtoto mmoja wa kuchagua. Anasema alieleza huku akishangaa, kama mtu aliyeulizwa mlango unafungwaje.

Yule dada hakumwamini hapohapo, na kwa hilo namheshimu. Mzee ni wa kijiji kimoja na mimi, angeweza kunitungia. Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, siku ile ulilikuta jembe limekaaje?"

Mwalimu akasema alipiga picha. Ni mtu wa kumbukumbu, mwalimu yule, hata chaki anahesabu. Akatafuta kwenye simu, akampa.

Dada akaikuza picha kwa vidole viwili. Jembe limelala katikati ya kizingiti, mpini umeelekea ndani. Chini yake jani la mgomba, bichi. Na chuma kinang'aa, hakina hata punje ya udongo.

Halafu akasema, na wote wawili wananirudia maneno haya kila wakikutana na mimi, "Mwizi gani anaosha jembe?"

Mwalimu anasema alijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yake. Ile picha alikuwa nayo miezi yote. Ameshaitazama mara nyingi, na kila mara aliona wizi.

Mimi sikujua chochote. Kesho yake nilikwenda mahakamani nimevaa nguo mbili mbili, kwa sababu niliambiwa gerezani baridi. Mama alinisindikiza. Alikuwa ameshika kitambaa chenye chapati kama vile nasafiri.

Kesi ikaitwa. Yule dada akasimama. "Mheshimiwa, baada ya kuwahoji mashahidi na kupitia upya ushahidi, upande wa Jamhuri hauna nia ya kuendelea na shauri hili. Tunaomba liondolewe."

Hakimu akauliza kitu, akajibiwa, akaandika. Akasema nimeachiwa. Mimi nimesimama tu. Akarudia, "Kijana, uko huru. Nenda nyumbani." Bado nimesimama. Mama ndiye aliyekuja kunishika mkono kunitoa kizimbani, na nje kwenye baraza tukalia wote wawili, halafu tukala chapati.

Wakati tunakula karani akatoka na jembe langu na kitabu, nisaini nichukue. Mkono ulishakwenda. Nikaurudisha.

Nikamwambia, samahani ndugu yangu, mimi Diwani sikumrudisha mwenyewe, alichukuliwa. Na jembe sipokei kwa mtu mwingine. Mwenye dume ndiye anayenikabidhi.

Karani akaniona nimechanganyikiwa. Lakini yule dada wa Tanga alikuwa mlangoni na chupa yake, akasema, "Mpe mwalimu." Mwalimu Tweve alikuwa amesimama mbali, hajui asogee au aondoke. Akaja, akalipokea, akakifungua kile kikaratasi cha namba, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, nisamehe."

Nikamwambia, mwalimu, ungejuaje? Na nilimaanisha. Kinyongo nilikitafuta nikakikosa.

Jumamosi ile mama alikwenda jumuiya. Miguu ilipona ghafla.

Baada ya wiki hivi Shangazi akazaa watoto tisa. Walipoacha kunyonya nikamwita mwalimu achague. Alichagua jike dogo lenye sikio jeusi kama la Diwani, akambeba kwenye kikapu mwenyewe, suruali ya kazini na kila kitu. Mimi nikabakiza dume moja, kwa sababu Diwani alikuwa amezeeka na mwalimu alishapanga kumuaga Krismasi. Huyu kijana nikampa jina la Mtendaji.

Ndipo tunafika leo.

Nimetoka shambani mchana, nikaona banda lipo wazi. Mtendaji hayupo. Sekunde ile ya kwanza, wakuu, niseme ukweli, niliwaza wezi.

Halafu nikaangalia chini.

Jembe jipya kabisa, halijawahi kugusa udongo, lebo ya dukani bado imebandikwa kwenye mpini. Limeoshwa hivyohivyo na lebo yake, imelowa. Limelazwa juu ya jani la mgomba, tena majani mawili, moja la akiba nadhani. Na chini ya jiwe kuna karatasi ya daftari, mwandiko wa ubaoni: "Nimemchukua Mtendaji saa nane na dakika kumi mchana. Shahidi ni mama yako, nimemkuta akianika mahindi. Nitamrudisha kesho kutwa. Mwl. Tweve." Namba ya simu, sahihi, tarehe.

Nikamwita mama. Akaja, akaliinamia, akaligusa chuma kwa kidole.

"Ameliosha," akasema, akarudi kwenye mahindi yake anacheka peke yake.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo tu. Ukiulizwa na askari, usijibu swali peke yake, eleza na lile unaloona hata mtoto analijua, kwa sababu mbele yako kuna mtu aliyetoka mbali. Na ukihamia kijiji cha watu, ukikuta kitu kimewekwa vizuri kuliko kawaida, uliza jirani kwanza. Na yule dada wa Tanga, kama naye anasoma humu, Mungu ampe maisha marefu. Ile chupa ya chai nitamjazia kahawa siku moja.

Sasa nyie niambieni. Kwenu, mtu akija kuchukua kitu na mwenyewe hayupo, anaacha nini mlangoni? Andikeni na mkoa, tujue, isije mtu akapandishwa kizimbani tena.

Mimi nipo hapa benchini nawasoma. Jembe la mwalimu sijaligusa, na sitaligusa mpaka kesho kutwa atakapokuja nimkabidhi kwa mkono wangu.